Mandolini haipotei jukwaani ikipewa nafasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala iliyochapishwa katika ukurasa wenu wa burudani Jumapili iliyopita. Mwandishi wake alisema kwamba mandolini, ala ndogo ya nyuzi ambayo yeye aliiita "kigitaa", ni pambo tu katika onyesho la roki, kwamba wanamuziki huishika ili ionekane kwenye picha, na kwamba mbele ya dramu, besi na magitaa ya umeme hakuna msikilizaji anayeweza kuisikia hata akitega masikio namna gani. Makala hiyo nimeisoma mara mbili. Mwandishi anaijua roki, na mengi aliyoyaandika nimeyakubali, lakini katika jambo hili moja naona amekosea, na nalisema hilo kwa sababu mandolini nimeisikia kwa masikio yangu, katika uwanja wa wazi, nikiwa nimesimama mbali na jukwaa, na sijaisahau hadi leo.

Mwaka 2005 nilikuwa nikiishi na kufanya kazi London, na nilikuwa na tiketi ya onyesho la kundi la R.E.M. lililopangwa kufanyika katika bustani ya Hyde Park Jumamosi ya tarehe 9 Julai. Siku mbili kabla yake, asubuhi ya Alhamisi, mabomu yalilipuka katika treni tatu za chini ya ardhi na katika basi moja, watu 52 wakauawa, na onyesho likasogezwa mbele wiki nzima. Tulipokusanyika tarehe 16 mji ulikuwa bado una majonzi. Baadhi ya njia za treni zilikuwa zimefungwa, nami sehemu kubwa ya safari niliitembea kwa miguu, kwa sababu ya njia hizo na pia kwa sababu ya hofu, kwa maana wiki ile kila aliyebeba begi mgongoni alitazamwa, na sisi wenye majina ya Kiislamu tulilijua hilo zaidi ya wengine. Nilifika nikiwa nimechelewa, nikapata mahali nyuma kabisa, penye nyasi zilizokwisha kukanyagwa zikawa vumbi, ambapo jukwaa lilionekana dogo kama kisanduku cha kiberiti. Jua la Julai kule halizami mpaka saa tatu usiku ipite, kwa hiyo kwa muda mrefu tuliwasikiliza wanamuziki kwenye mwanga wa jua, na mwanga huo hauwasaidii sana, kwa sababu taa zao hazionekani na msikilizaji hubaki na sauti peke yake.

Kwa wasiolijua kundi hilo, lilianzishwa mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Michael Stipe aliimba, Mike Mills alipiga besi, Peter Buck alipiga gitaa, na Bill Berry, mpiga dramu wao wa awali, alijitoa mwaka 1997, hivyo mwaka ule walikuwa na wapigaji wengine wa kuwasaidia. Nyimbo nyingi walizopiga jioni ile zilikuwa za gitaa la umeme, nzito, za kurindima, na sauti ya besi tuliihisi kifuani kabla ya kuisikia. Kisha Buck akalivua gitaa lake, akapewa mandolini, na ukaanza wimbo ambao nadhani kila aliyekuwa pale aliungojea, "Losing My Religion".

Hapa naomba nieleze kidogo kuhusu jina la wimbo huo, maana nimewahi kuulizwa na ndugu zangu, Waislamu na Wakristo, inakuwaje niupende wimbo wa mtu anayesema amepoteza dini yake. Katika usemi wa watu wa kusini mwa Marekani maneno hayo yana maana ya mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu, ambaye subira imemwishia na amekaribia kusema asiyopaswa kusema. Stipe mwenyewe amekwisha kueleza kwamba wimbo unamhusu mtu anayempenda mwenziwe bila kujua kama anapendwa. Hakuna kufuru ndani yake.

Narudi kwenye sauti. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba mandolini ilitufikia hadi nyuma tulipokuwa, na ilitufikia ikiwa kamili. Haikuwa na sauti kubwa kama ya gitaa lililotangulia. Ilikuwa kavu na safi, kila mdonoo ukisikika peke yake, kama mchele unaomiminwa kidogo kidogo juu ya sinia, na chini yake besi ya Mills ilitembea polepole bila kuikanyaga. Watu waliokuwa wakizungumza nyuma kule, na kwenye maonyesho ya wazi walio nyuma huzungumza mno, walinyamaza. Kisha wakaanza kupiga makofi kwa mapigo ya wimbo, maelfu kwa maelfu, na hata makofi hayo hayakuifunika. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa karibu nami alikuwa akilia huku akiimba, nami sikumwuliza analia nini, kwa kuwa wiki ile hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenziwe swali hilo.

Je, iliwezekanaje? Mwandishi wa makala anadhani kwamba ala ndogo lazima imezwe na ala kubwa, na kwa mtu anayeziona ala hizo kwenye picha dhana hiyo ina mantiki. Lakini mandolini ina maumbile yake. Ina nyuzi nane zilizopangwa katika jozi nne, na nyuzi mbili za kila jozi hufungwa kwa sauti moja, hivyo kila mdonoo ni wa nyuzi mbili zinazolia kwa pamoja. Nyuzi zenyewe ni za chuma, fupi, zina urefu wa sentimeta 35 hivi, wakati za gitaa zina takriban sentimeta 65, na zimekazwa sana. Sauti zake nne ni zilezile za fidla ya kawaida: ya chini kabisa hutetemeka mara 196 kwa sekunde na ya juu kabisa mara 659, kabla mpigaji hajaweka kidole chochote. Besi ya umeme huanzia mitetemo 41 tu. Kwa hiyo mandolini na besi hazigombanii njia hata kidogo, moja inapita juu na nyingine inapita chini. Mgomvi wake halisi ni gitaa la umeme, ambalo sauti zake zinaingia katika eneo lilelile la katikati na kulijaza, pamoja na matoazi ya dramu, ambayo hulijaza eneo la juu.

Mimi nilipoisikia siku ile nilimkumbuka marehemu mjomba wangu, aliyenifundisha fidla nilipokuwa kijana na ambaye aliupenda udi kuliko ala yoyote. Udi nao nyuzi zake karibu zote hufungwa kwa jozi na hupigwa kwa risha, yaani kile kijipande cha kudonolea nyuzi, na si ajabu, kwa sababu hizi ni ala za ukoo mmoja. Waarabu walipoingia Hispania waliingia na udi, Ulaya ikaupokea na kuufanya luti, na katika ukoo huo wa luti ikazaliwa mandolini, ambayo mafundi wa Napoli nchini Italia waliipa umbo lake la nyuzi za chuma katika karne ya 18. Tofauti kubwa ni kwamba shingo ya udi ni laini, kidole kinateleza popote kinapotaka, lakini ya mandolini ina vigawanyo vya chuma kama gitaa. Anayeujua udi anajua pia kwamba mdonoo wake haukai hewani kwa muda mrefu, unasikika na kupotea, na ndiyo maana mpigaji huenda na kurudi kwa risha haraka haraka pale anapotaka sauti idumu. Mandolini ni vivyo hivyo. Ala ya namna hii haiwezi kushindana na gitaa la umeme ambalo sauti yake huvuma mpaka mpigaji aamue kuinyamazisha. Inahitaji kimya kidogo kati ya mdonoo na mdonoo ili isikike.

Kimya hicho R.E.M. walikiweka ndani ya wimbo wenyewe. Aliyeshika mandolini ni yuleyule mpiga gitaa wao mkuu, na alipoishika, gitaa lake la umeme likanyamaza. Wimbo hauna kiitikio cha kupigiwa kelele, besi inapiga sauti chache, na dramu zinatunza mwendo bila mbwembwe. Buck amewahi kusimulia kwamba alikuwa ndiyo kwanza ameinunua mandolini, anajifunza huku akitazama televisheni, na kanda ikimrekodi. Kesho yake aliposikiliza akakuta mazoezi ya mtu asiyejua, kisha katikati yake ile midonoo iliyokuja kuwa wimbo huu, kisha mazoezi tena. Wimbo ulitoka mwaka 1991, ukafika nafasi ya nne katika chati ya Billboard ya Marekani na kupata tuzo mbili za Grammy. Nayataja haya kwa sababu makala ilidai kwamba mandolini huongezwa mwishoni, wimbo ukiwa umekwisha kutengenezwa. Wimbo huu ulianzia kwenye mandolini, na vingine vyote vilikuja kukaa pembeni yake.

Sitaki nionekane kwamba namkatalia mwandishi kila kitu, kwani jambo analolalamikia lipo na mimi mwenyewe nimelishuhudia. Miaka miwili baada ya Hyde Park nilikwenda katika ukumbi mdogo wa kaskazini mwa London kulisikiliza kundi la vijana ambao mmoja wao alipiga mandolini kwa ustadi mkubwa. Nilikuwa nimemsikia akijaribu kabla ya onyesho, peke yake, na nilifurahi nikijua nimekuja mahali pazuri. Onyesho lilipoanza, magitaa mawili ya umeme yalifunguliwa hadi mwisho, na kijana yule akabaki anaonekana mkono wake ukienda na kurudi bila sauti yoyote kutufikia. Fundi mitambo akampandishia sauti, na mara spika zikapiga ukelele uliotufanya tuzibe masikio. Akamshusha. Akampandisha tena, ukelele ukarudi. Baada ya nyimbo tatu alichoka, akamwacha chini, na hadi mwisho wa usiku ule mandolini ilikuwa kweli pambo, kama makala inavyosema.

Ukelele ule una sababu yake. Mandolini ni sanduku la mbao lililo wazi ndani, na jukwaani hutiwa kinasa sauti chini ya kile kijibao kinachoziinua nyuzi, au huwekewa kipaza sauti mbele yake. Spika zinazowekwa jukwaani ili wanamuziki wajisikie huitikisa hewa, hewa inalitikisa lile sanduku, kinasa sauti kinaupokea mtikisiko na kuurudisha kwenye spika, spika inalitikisa sanduku kwa nguvu zaidi, na mzunguko huo unakua kwa kasi mpaka unakuwa ukelele. Kadiri jukwaa linavyokuwa na kelele, ndivyo fundi anavyolazimika kuipandisha mandolini, na kadiri anavyoipandisha ndivyo anavyoukaribisha ukelele. Kwa hiyo dawa yake haiko kwenye kitufe cha mandolini hata siku moja. Iko kwenye vitufe vya wengine, na zaidi ya hapo iko kwa wanamuziki wenyewe, waliopaswa kukubaliana kabla ya kupanda jukwaani nani atapunguza na wakati gani. Kosa la usiku ule silioni kuwa la kijana yule wala la ala yake.

Wakubwa wa roki walilitambua hili zamani. Led Zeppelin, kundi ambalo mpiga dramu wake, John Bonham, alisifika kwa nguvu kuliko karibu wote wa zama zake, lilipopiga siku tano katika ukumbi wa Earls Court, London, mwezi Mei 1975, lilikuwa na sehemu ya onyesho ambapo walivuta viti wakakaa mbele ya jukwaa na ala zisizo za umeme. Katika "Going to California" John Paul Jones, mpiga besi, alipiga mandolini, Jimmy Page gitaa kavu, na Bonham hakupiga kitu. Ukumbi ule, ambao sasa umebomolewa, uliingiza maelfu ya watu, na wimbo ule ulipigwa kwa ala mbili na sauti ya mtu mmoja. Kundi la The Band lilikwenda mbali zaidi. Mpiga dramu wao Levon Helm, katika "Rag Mama Rag" ya mwaka 1969, aliziacha dramu zake akashika mandolini, na mpiga piano Richard Manuel akakaa kwenye dramu, akapiga kwa mtindo wake uliolegea na kuyumba kidogo. Mimi huufikiria sana uamuzi ule. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutoa kelele nyingi kuliko wote aliondoka mahali pake kwa hiari ili kitu kidogo kisikike, na wenzake wakahama viti vyao kumfuata.

Yapo pia ya kusikitisha. Mwaka 1971 wimbo wa Rod Stewart, "Maggie May", ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na mwisho wake, ambao watu wengi huukumbuka kuliko mwanzo, ni mandolini. Aliyeipiga ni Ray Jackson wa kundi la Lindisfarne, lakini jalada la albamu liliandika tu kwamba ilipigwa na mpiga mandolini wa Lindisfarne na kwamba jina lake limesahaulika. Wimbo ulipoonyeshwa kwenye televisheni ya BBC, aliyekaa ameshika mandolini alikuwa mtangazaji wa redio John Peel, akiigiza tu. Kama mwandishi wa makala angeutoa mfano huo kuthibitisha kwamba mandolini imewahi kufanywa pambo la kuonyeshwa, ningekubaliana naye bila ubishi, na ningeongeza kwamba ilikuwa dhuluma kwa mpigaji. Hata hivyo sauti yake ndiyo iliyobaki masikioni mwa watu kwa miaka zaidi ya 50.

Ndiyo maana neno "kigitaa" lilinikera hata nikaamua kuandika. Mandolini haikutokana na gitaa, haifungwi kama gitaa, na anayejua gitaa akiishika kwa mara ya kwanza vidole vyake havijui pa kukaa. Ina jina lake, na jina hilo wasomaji wenu wanaweza kulisoma na kulitamka bila shida yoyote. Naomba ukurasa wa burudani ulitumie, na pale onyesho litakaporipotiwa, aliyepiga mandolini atajwe kama anavyotajwa mwimbaji.

Kwa mwandishi wa makala nina ombi jingine, nalitoa kwa heshima. Kabla sijarudi nyumbani nilinunua mandolini, ya kawaida tu, na kwa kuwa vidole vyangu vilikwisha kuzoea fidla haikunichukua muda mrefu kuuelewa mpangilio wake. Ninayo hapa Tanga. Ninao pia majirani vijana wenye gitaa la umeme, besi na dramu, ambao nimekwisha kuzungumza nao na wako tayari. Akija, tutampigia wimbo mmoja mara mbili: mara ya kwanza kila mtu atafungua sauti yake hadi mwisho, na mara ya pili mwenye gitaa atakaa kimya wakati mandolini inapozungumza na mwenye dramu atapiga kwa mkono mwepesi. Tutamweka mwisho wa uwanja, penye mwembe, ambapo ni mbali kiasi cha kutosha. Gazeti lenu likitupa siku, sisi tutaandaa vingine vyote pamoja na chai.

Wako mtiifu,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Chuda, Tanga